Tumbili wa Nani?

Katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, nyara si pembe wala ngozi peke yake. Mnyama mzima, awe hai au mzoga, naye ni nyara. Kwa hiyo kitoto cha tumbili kilichofungwa kamba kiunoni nyuma ya kibanda cha chipsi, wateja wakikirushia maganda ya ndizi na kukipiga picha, mbele ya hakimu kinakaa kundi moja na jino la tembo.

Wengi hawalijui hilo, na wengi wakiambiwa hawalikubali. Nimechoka na makala zinazowahubiria watu hao kana kwamba ni majangili. Nimeona afadhali niwape kiti nao waseme. Wasemaji wa baraza hili nimewabuni mimi, ila hoja zao sikuzibuni: ndizo zinazosemwa vijiweni, kwenye daladala na katika ofisi za wanaoijua kazi hii. Tuseme wako Tanga, alasiri imeshaswaliwa, muuza kahawa amepita mara moja na ameahidi kurudi. Kijana ni fundi pikipiki, anafuga tumbili dume. Bibi analima mahindi na mihogo upande wa Muheza. Wakili na Daktari wa mifugo ni watu wa mtaani hapo hapo. Mgeni ni Mdigo wa Diani, Kenya, amevuka mpaka wa Horohoro kuja kuwaona ndugu zake.

KIJANA: Mimi sikuwinda. Mama yake aliraruliwa na mbwa kwenye shamba la watu, kitoto kikabaki kimeng'ang'ania tumbo la maiti. Ningekiacha, kingekufa kabla ya magharibi. Nilikinywesha maziwa kwa bomba la sindano, nikalala nacho kifuani. Leo ana miaka miwili. Akisikia pikipiki yangu inaingia uchochoroni, harukiruki tena, anapagawa. Mkisema mimi mhalifu, nionyesheni niliyemdhulumu.

WAKILI: Kisheria uliyemdhulumu ni umma, mdogo wangu. Wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na Rais amewekwa kuwa mdhamini. Humiliki tumbili kwa kumwokota, wala kwa kumlea, wala kwa kumpenda.

BIBI: Mali ya umma! Basi huo umma ungekuja kuwachunga. Msimu uliopita mali ya umma imekula nusu ya mahindi yangu, na mdhamini sikumwona. Wajukuu walikaa wanapiga madebe mpaka shule hawakwenda.

Baraza lilicheka, lakini Bibi hakuwa akitania. Vijiji vinavyopakana na msitu vinamjua tumbili kama mwizi kwanza. Mama huuawa kwa kosa la mahindi, mtoto huonewa huruma, na hapo ndipo tumbili wa kufugwa anapopatikana mara nyingi. Huruma ya Kijana na hasira ya Bibi zimetoka shamba moja. Mtu akitaka kuzungumzia ufugaji wa tumbili bila kuzungumzia mahindi yaliyoliwa, anazungumzia mkia akamwacha mnyama.

KIJANA: Dada Wakili, hebu niambie adhabu yake.

WAKILI: Inategemea thamani ya nyara. Makosa mazito zaidi ya kumiliki nyara za serikali bila kibali kifungo chake ni kati ya miaka 20 na 30.

KIJANA: Miaka 20 kwa kumpa ndizi! Na mtalii anayekuja na dola akakata leseni akampiga simba risasi, akapiga picha amemkanyaga kichwani, yeye anasindikizwa uwanja wa ndege. Tena ninyi mmesahau mambo ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. Machi 2016 walikamatwa tumbili 61 wanapakiwa kwenda Albania. Mimi ninaye mmoja, wala hana pasipoti.

WAKILI: Hatujasahau. Baada ya tukio lile serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba biashara ingefunguliwa kwa miezi sita ili wenye wanyama wamalize waliobaki nao. Kelele zikapigwa, na tangazo likasimamishwa siku hizo hizo.

KIJANA: Unaona? Wenye nazo wanatangaziwa miezi sita. Mimi natangaziwa miaka 20.

Hapa Kijana ameshika pazuri, na sitamnyang'anya. Serikali inayouza leseni za uwindaji ina kazi ya kumweleza mwananchi kwa nini risasi ya mgeni ni uhifadhi na ndizi ya fundi pikipiki ni uhalifu. Maelezo yapo: mgawo wa idadi, ada, vitalu, fedha za kulindia mapori. Lakini yanaelezwa kwa Kiingereza katika ripoti, na kijiweni hayafiki. Hata hivyo, nyani wa serikali asiyeona kundule hamfanyi tumbili wa Kijana kuwa mali ya Kijana. Swali lililobaki ni kama tumbili mwenyewe anapata hasara, kwa sababu kama hapati, sheria yote hii inabaki ubishi wa hati miliki.

KIJANA: Ndiyo! Na huyu si mnyama anayetoweka. Tumbili wamejaa. Mbwa naye zamani si alikuwa wa mwituni? Kuna mtu alimchukua mtoto wa mbwa mwitu akamlea, ndiyo leo tuna mbwa wa kulinda. Kwa nini mwanzo huo ukatazwe kwangu?

DAKTARI: Kwa sababu hukuanza mwanzo, mdogo wangu. Mbwa amekaa na binadamu si chini ya miaka 14,000, kizazi juu ya kizazi, wakali wakiachwa, wapole wakizalishwa. Huko Siberia Mrusi mmoja aitwaye Dmitry Belyaev alianza mwaka 1959 kuzalisha mbweha wapole peke yao, mpaka wakapatikana wanaotikisa mkia kama mbwa. Alichagua katika maelfu ya mbweha, na aliyeanza kazi hiyo hakuishi kuona mwisho wake. Wewe una tumbili mmoja, dume, ambaye mama yake alizaliwa porini. Umemfundisha adabu, lakini damu yake haijui habari za adabu hizo.

KIJANA: Ni mpole huyu, Daktari. Watoto wa mtaa mzima wanacheza naye.

DAKTARI: Umesema ana miaka miwili. Tumbili dume akikaribia miaka mitano huwa anaondoka kwenye kundi la mama yake kwenda kutafuta kundi jingine. Anapigana na madume wasiomjua, anapanda daraja au anashindwa. Meno ya juu ya pembeni yanarefuka kama visu. Huyo wako ataondoka aende wapi? Ataanza kuwapima watu wa nyumbani: nani juu yake, nani chini yake. Mkubwa wa nyumba ataheshimiwa, mtoto mdogo ataumwa. Nimeshona majeraha ya mbwa, paka na mbuzi, lakini mtoto aliyeumwa na tumbili huwa simshoni mimi. Namkimbiza hospitali, na sindano za kichaa cha mbwa zianze siku hiyo hiyo. Na mnyama mwenyewe anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 akifugwa. Huo ni umri wa mtoto kuzaliwa mpaka kuoa.

BIBI: Kisha huwa wanawafanya nini, wakishakuwa wakubwa?

DAKTARI: Mnyororo, Bibi. Au wananiletea niwang'oe meno. Au wanawapeleka msituni usiku wakawaacha, wanarudi wakijisifu kwamba wamewapa uhuru.

Niongeze jambo ambalo Daktari angelisema kama muuza kahawa asingerudi wakati huo. Ufugaji huu si wa jana. Misri ya kale ilileta nyani kutoka upande wetu huu wa bara, maeneo ya Pembe ya Afrika, ikawafuga mahekaluni kwa heshima kubwa, wakifa wakikaushwa kama wafalme. Karibu na Luxor kuna bonde linaloitwa Makaburi ya Nyani. Wataalamu waliopima mifupa ya nyani hao wamekuta matege, mifupa iliyopinda kwa kukosa jua na chakula chao, na wengine waling'olewa meno makali. Waliabudiwa na walipinda. Nikimsikia mtu anasema tumbili wake anakula vizuri kuliko watoto wa jirani, yaani chapati, soda, biskuti, nawakumbuka nyani wale wa miungu.

MGENI: Kule kwetu Diani tumbili na kima wamekaa na watu tangu zamani, na mbega nao wamo. Barabara ilipojengwa na mahoteli yakazidi, mbega wakawa wanakufa kwa magari na kwa nyaya za umeme. Ndiyo likaanzishwa lile shirika la Colobus Conservation mwaka 1997. Wanatundika madaraja ya kamba juu ya barabara, mbega wavukie huko. Lakini kazi nyingine wanayoifanya watu hawaioni: wanapokea tumbili waliofugwa majumbani. Kumlea huyo arudi kuwa tumbili ni kazi ya miaka. Hajui nani wa kumwogopa. Akiona mtu anamkimbilia mikononi, akiona tumbili mwenziwe anajificha.

KIJANA: Kwa hiyo anarudi?

MGENI: Akipata wenziwe wa kuunda nao kundi, wengine hurudi. Mmoja mmoja, la. Ukimwachia peke yake msituni, kundi la wenyewe humrarua. Na wengine wameshaharibika hata hawawezi kuachiwa. Kwetu nako, tangu sheria ya mwaka 2013, kumweka mnyamapori bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ni kosa.

Hoja ya kundi ndiyo kiini cha ubishi huu, na nataka kukaa nayo kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walikuwa Amboseli, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, wakirekodi sauti za tumbili. Kabla yao Thomas Struhsaker alikuwa ameshagundua kwamba tumbili hawapigi kelele ovyo wakiona adui. Kila adui ana mlio wake. Seyfarth na Cheney wakaficha vipaza sauti vichakani, wakapiga milio hiyo wakati hakuna adui yeyote. Ulipopigwa mlio wa chui, tumbili walikwea mitini. Wa tai, wakatazama juu au wakatumbukia vichakani. Wa nyoka, wakasimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia majani chini. Na watoto walikuwa wanakosea. Kitoto kikiona korongo, kililia mlio wa tai. Wakati mwingine hata jani likianguka. Wakubwa walikuwa wakitazama juu, na kama ni tai kweli nao wakaupokea mlio, kama ni jani wakaendelea kula. Polepole kitoto kikajua tai ni yupi.

Shule hiyo Kijana hawezi kumfungulia tumbili wake hata akiuza pikipiki.

BIBI: Sasa huyo wako akilia, mjukuu wangu, anamlilia nani?

KIJANA: Ananililia mimi, Bibi. Nami huja.

Sikujua nimwekee Bibi jibu gani hapo. Kijana amesema kweli: huja. Katika mjadala huu watu wa uhifadhi hupenda kumfanya mfugaji awe katili, kwa sababu katili ni rahisi kumshinda. Mfugaji ninayemfahamu mimi ni mtu anayeamka usiku kumfunika mnyama shuka. Kosa lake liko kwenye hesabu nyingine. Amejifanya yeye kuwa mama, kaka, mjomba na kundi zima la wanyama 20, halafu saa mbili asubuhi anakwenda gereji.

DAKTARI: Na bado sijasema magonjwa. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda kwenda Ulaya walifika na virusi ambavyo hakuna aliyevijua. Wafanyakazi wa maabara za Marburg na Frankfurt, na wengine Belgrade, wakaanza kutoka damu. Waliougua walikuwa 31, waliokufa 7. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji wa Wajerumani, lakini tumbili walitoka kwetu.

KIJANA: Hao walikuwa wa maabara! Walipasuliwa, wakachukuliwa figo, si ndiyo? Wangu hapasuliwi. Na hapo Karen, Nairobi, si kuna kituo cha utafiti wa nyani kilichoanzishwa 1960? Aliyekianzisha ni Louis Leakey, tumesoma. Nyani wanachomwa sindano za majaribio pale na hakuna anayefungwa.

MGENI: Kipo. Ni cha serikali.

DAKTARI: Pale kuna karantini, kuna kamati za kupima kila jaribio, kuna...

KIJANA: Kuna karatasi. Mwenye karatasi ruhusa kumchoma sindano, asiye nayo marufuku kumpa ndizi.

WAKILI: Huo ni mjadala mwingine, kaka.

Wakili alikwepa, nami nasema alikwepa. Utafiti juu ya nyani una watetezi wake, na chanjo nyingi tunazodungwa zilipita huko. Lakini mtu hawezi kuegemea haki ya mnyama saa tisa, kisha saa kumi akasema hilo ni jambo la kamati. Afadhali kukiri kwamba sheria zetu za wanyama hazikujengwa juu ya haki ya mnyama hata kidogo. Zimejengwa juu ya umiliki na idhini. Tumbili analindwa kwa kuwa ni wa dola, kama mti wa mvule. Ndiyo maana hoja ya Wakili ni imara mahakamani na dhaifu barazani.

Muuza kahawa aliporudi mara nyingine, Bibi alikuwa amehamia kwa komba. Kaka yake, mgema, alimkuta komba asubuhi juu ya mnazi, kichwa ndani ya kitungi, amelewa chakari kama inavyosemwa. Akamchukua kumfurahisha mkewe.

BIBI: Macho yale makubwa, manyoya laini, kila mtu anataka kumshika. Mchana kutwa amelala. Ikifika usiku watu wamelala, yeye ndiyo ameamka: ruka kabatini, ruka kwenye chandarua, lia kama mtoto mchanga. Kisha jamani, ananawa mikono na miguu kwa mkojo wake mwenyewe! Anajikojolea viganjani, anapaka, anaruka ukutani. Nyumba ilinuka mpaka wageni wakapungua. Wifi yangu alisema mchague, komba au mke.

DAKTARI: Ndivyo walivyo, Bibi. Wanapaka harufu njia zao.

BIBI: Basi njia zao zilikuwa vitanda vyetu.

Kwa kima punju wa Unguja hakuna hata kichekesho cha kusimulia. Tumbo lake lina vyumba vya kuchachusha majani, na akipewa vyakula vya nyumbani huharibikiwa haraka. Pembezoni mwa msitu wa Jozani ameonekana akila mkaa, ambao wataalamu wanaona unamsaidia kuzimua sumu za majani ya mikungu na miembe. Zanzibar inamlinda kwa sheria yake yenyewe ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996. Tusonge mbele.

KIJANA: Wenzetu wanaruhusiwa. Simu imejaa. Huyu hapa Marekani, amevalishwa nepi, anakula aiskrimu. Huyu yuko Ghuba, amekaa kwenye gari la bei mbaya. Watu milioni wamependa.

WAKILI: Marekani imezuia tangu 1975 kuingiza wanyama wa jamii hii kutoka nje kwa ajili ya kufugwa majumbani. Waliomo ni wa kuzaliwa huko huko, na kila jimbo lina sheria yake. Mwaka 2009, katika mji wa Stamford, sokwe dume aliyelelewa nyumbani tangu mchanga, aliyekuwa akivaa nguo na kupanda gari, alimrukia rafiki wa mwenye nyumba, akamharibu uso na mikono. Polisi wakampiga risasi. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwaka 2016, mtu binafsi haruhusiwi kumiliki wanyama hatari. England nayo ilitunga kanuni mwaka 2024, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 anayetaka kumweka kima nyumbani sharti awe na leseni, na masharti yake ni ya bustani ya wanyama. Hizo video unazoziona ni za watu wanaofungiwa milango mmoja mmoja.

MGENI: Na hao sokwe wa video wametoka wapi? Mtoto wa sokwe hachukuliwi mama akiwa hai. Mama hamwachi. Na si mama peke yake, kuna madume yanayokuja kumtetea.

Mgeni amegusa upande wa biashara, ambako ucheshi wote unakwisha. Mwaka 2013 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 misitu ilipoteza si chini ya sokwe, gorila, bonobo na orangutani 22,218 kwa sababu ya biashara haramu. Karibu theluthi mbili walikuwa sokwe. Mwaka 2005 katika uwanja wa ndege wa Nairobi lilifunguliwa sanduku, ndani mna sokwe wachanga sita na kima wanne. Sokwe mmoja alikufa. Sokwe waliobaki walipelekwa kituo cha Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, Kenya, nchi ambayo haina hata sokwe mmoja wa porini.

Sweetwaters ilifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, KWS na taasisi ya Jane Goodall, na wakazi wake wa mwanzo walitoka Bujumbura, vita vilipoanza Burundi. Mmoja wao aliitwa Poco. Alikuwa amekaa miaka tisa katika kizimba chembamba kilichoning'inizwa juu ili kuvuta wateja kwenye biashara ya mtu. Kizimba hakikuwa na nafasi ya kuinama wala kukaa kwa kunyooka, kwa hiyo alisimama. Hata alipofunguliwa akapewa miti na majani, aliendelea kutembea wima kwa miguu miwili, wageni wakimshangaa jinsi anavyofanana na mtu.

Na kwa kuwa mnyama huyu ana bei, hata makimbilio hayako salama. Septemba 2022, Lubumbashi, Kongo, watu waliingia usiku katika kituo cha kulelea sokwe cha J.A.C.K. wakawateka watoto watatu wa sokwe, wakatuma ujumbe wa kudai fedha.

KIJANA: Hao ni sokwe. Mimi nina tumbili. Msinibebeshe Kongo nzima.

WAKILI: Hatukubebeshi. Ila nikuulize: yule rafiki yako wa Chumbageni, wake alimpata wapi?

KIJANA: Alinunua. Alimwonea huruma, alikuwa kwenye boksi barabarani, jua kali.

WAKILI: Na aliyemuuzia amekwenda wapi na hizo fedha?

KIJANA: Sasa afanyeje, ampite?

Hakuna aliyejibu haraka, na nafurahi hawakujibu. Swali la Kijana ni gumu kuliko linavyoonekana. Mnyama yuko mbele yako, anahema, ana macho. Fedha iko mfukoni. Kumpita ni unyama. Lakini muuza boksi hatofautishi fedha ya huruma na fedha ya majivuno. Wiki ijayo atarudi kijijini kutafuta mama mwingine wa kumtegea mbwa. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kununua kwa huruma ndiyo njia ya fedha iliyo hatari zaidi, kwa sababu haina aibu.

KIJANA: Nikimpeleka ofisini kesho, nitalala nyumbani?

WAKILI: Sheria yenyewe inamtaka aliyepata nyara atoe taarifa. Aliyekuja mwenyewe, mapema, akaeleza alivyompata, hawekwi mizani moja na aliyekutwa anamuuza. Siwezi kukuapia, lakini mimi nitakwenda nawe.

KIJANA: Hapo ndipo mlipoficha. Huwezi kuniapia.

Hapo mjadala ulipofika, nami natoa hukumu yangu. Kufuga tumbili, komba au kima nyumbani ni kosa, na lingekuwa kosa hata kama hakuna kifungu hata kimoja, kwa kuwa mnyama wa kundi amefanywa yatima wa kudumu kwa starehe ya mtu mmoja, hata starehe hiyo ikiwa ni ya kulea. Marufuku yabaki. Ila Kijana yuko sahihi kuhusu mlango. Mtu mwenye tumbili aliyekuwa na nia njema leo anaona njia tatu: amfiche, amtupe msituni, au aende ofisini akibahatisha miaka yake. Wengi watachagua mbili za kwanza, na zote mbili zinamuua mnyama. Serikali iliyoweza kufikiria miezi sita kwa wafanyabiashara inaweza kutangaza miezi sita kwa akina Kijana: mlete, eleza ulivyompata, nenda nyumbani. Tangazo hilo lisomwe redioni kwa Kiswahili, liwe na tarehe, na liambatane na mahali pa kuwapokea wanyama hao kwa makundi. Na wakati huo huo mtu akae na Bibi kuhusu mahindi yake, maana watoto wa tumbili wataendelea kuwa yatima shambani kwake kila msimu.

Wewe unayesoma, ukiwa naye, usimwachie msituni peke yake. Hatamaliza siku nyingi. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au ofisi iliyo karibu ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na kama uko Kenya nenda KWS, ukifuatana na mtu anayejua sheria. Ukimkuta anauzwa barabarani, usilipe hata shilingi. Kumbuka sura ya muuzaji na mahali alipokaa, kisha ukatoe taarifa siku hiyo hiyo.